Kigingi Chini ya Gurudumu

Kwako Magesa,

Hali yako naijua, kwa hiyo sikuulizi. Asubuhi umekula viazi vya watu watatu ukiwa umesimama mlangoni, ukapiga mluzi, ukapanda bodaboda kwenda kuwaaga rafiki zako Musoma. Mtu anayekula hivyo ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nina hasira na wewe tangu Jumapili, na hasira hiyo haijapungua eti kwa sababu umeniita mama kipenzi mara mbili na kunioshea kigari changu cha kirikuu mpaka matairi.

Nakuandikia kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utanikatiza na utani wako, nami nitacheka, na nikishacheka nimeshindwa. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya begi lako. Isome yote. Ndani yake nimeikunja ile fomu ya mdhamini. Usianze kuikunjua kutafuta sahihi yangu. Haipo.

Najua unavyoihitaji. Mwenye shule amekwambia wazi kwamba kesho kabla ya saa sita uwe umefika Bunda na fomu iliyosainiwa na mzazi, la sivyo funguo za basi la wanafunzi anapewa mwingine, na wanaozisubiri ni wengi. Najua leseni ya basi umeihangaikia miaka miwili. Lakini fomu inanitaka niandike kwa mkono wangu kwamba wewe ni dereva makini na kwamba mtoto wa mtu akiwa kwenye gari lako mzazi wake anaweza kutulia. Tangu Jumapili nimeshika kalamu mara tatu. Mara tatu nimeiweka chini.

Jumapili tulikuwa tunatoka misani Musoma, watu watatu kwenye kiti cha watu wawili. Wewe kwenye usukani, mimi katikati, mume wangu dirishani. Niache niliandike tena neno hilo, mume wangu. Ni wiki ya tano sasa na bado nikiliandika natabasamu peke yangu kama msichana wa kidato cha pili. Juzi nimejaza ukurasa mzima wa nyuma ya daftari langu kwa jina langu jipya la mke wake, Mama Wambura, Mama Wambura, Mama Wambura, kwa miandiko mbalimbali, nione upi unanipendeza. Basi nilikuwa nimekaa pale katikati nina furaha ya kupasuka. Mkono wake ulikuwa nyuma ya shingo yangu, ananukia sabuni ya kunyolea, na padri siku hiyo alikuwa ametutaja kwa majina mbele ya watu.

Simu yako ilikuwa juu ya paja. Ikalia, ukaitazama. Ikalia tena, ukaitazama, ukacheka peke yako. Ya tatu ukaichukua, ukaisogeza mdomoni kama kipande cha muhogo, ukaanza kumjibu mtu mambo ya mechi. Hapo tulikuwa tunakaribia Kiabakari. Gurudumu la kushoto likatoka nje ya lami, likakanyaga changarawe, na mume wangu akashika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Alifumba macho. Wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa unatafuta neno la kumwambia rafiki yako. Mimi nilimwona.

Nikakwambia weka simu chini. Ukasema nitulie, umezoea. Nikarudia. Ndipo uliponijibu, bila hata kuacha kutabasamu:

"Mama, wewe ulimgonga Mzee hapa bila simu. Mimi naendeshaga na simu kila siku na sijagonga hata kuku. Sasa hapa nani amfundishe mwenzake?"

Mume wangu alicheka kidogo, kwa adabu, kama anavyochekaga watu wakimtania mguu wake. Mimi nikanyamaza mpaka tunafika nyumbani Butiama. Ulidhani umenishinda, niliona ulivyopandisha mabega. Hukunishinda. Nilinyamaza kwa sababu ulichosema ni uongo, na uongo huo nimeutunga mimi.

Siku nilipomgonga Wambura nilikuwa na simu mkononi. Soma hapo tena kama unaona sijaandika vizuri.

Wewe unaijua hadithi ile wanayoijua watu wote. Ng'ombe wa Mama Robi alikatiza barabara pale Kiabakari, mama yako akamkwepa, akamgonga fundi mwashi aliyekuwa kwenye baiskeli, akamuuguza, wakapendana. Kwenye harusi yetu mshereheshaji aliisimulia kwenye kipaza sauti: bwana harusi alivunjwa mguu akalipwa ng'ombe, akamfuga, akamtoa mahari ng'ombe huyohuyo ili amchukue aliyemvunja. Ukumbi mzima ulicheka. Wewe ulikuwa unapiga meza kwa kiganja. Mimi niliuficha uso kwenye koti la mume wangu, na akina mama wakapiga vigelegele wakisema bibi harusi ana haya. Haya gani. Niliogopa mtu asije akanitazama machoni.

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Wewe ulikuwa bweni, kidato cha nne. Nilikuwa natoka Musoma na magunia ya dagaa niliyoyafuata Bukima jana yake, nawahi soko la Bunda. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesikia kwamba Mama Ghati amehamia kwenye meza yangu, ile ya kona karibu na geti. Meza, Magesa. Mbao chache na bati mbili juu. Njia nzima nilikuwa naigombania kichwani. Namwambia Mama Ghati hivi, ananijibu vile, namkatiza, na wote wawili ni mimi mwenyewe. Nilifika Kiabakari sikumbuki hata nilitokaje mjini. Kwa hiyo usidhani mambo yaliharibika niliposhika simu. Yalikuwa yameharibika tangu zamani. Mikono ilikuwa kwenye usukani, macho yalikuwa wazi, na mimi mwenyewe nilikuwa Bunda nagombana.

Kisha nikaona ugomvi wa peke yangu haunitoshi. Nikatoa simu nikaanza kumrekodia mama yako mdogo Nyamisi ujumbe wa sauti. Mkono mmoja usukani, mwingine umeshika simu mbele ya mdomo, kidole kimebana pale pa kurekodia. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Halafu nikatazama chini kuhakikisha kwamba inarekodi. Kutazama tu. Sikusinzia, sikunywa, sikukimbiza gari. Nilitazama chini.

Nilipoinua macho nikaona mgongo wa shati la bluu, baiskeli, na pima maji ya mwashi imefungwa ubavuni inang'aa kwa jua. Alikuwa pembeni kabisa, mahali pake. Nilikata usukani na nikachelewa. Nilisikia kishindo kabla sijaelewa nimemwona nani. Gari likaenda kusimama majanini, na kwenye majani yale palikuwa na ng'ombe mmoja anakula, amefungwa kamba. Alikuwa amefungwa, mwanangu. Gurudumu langu lilipanda juu ya kigingi chake, likaking'oa, kamba ikalegea, ng'ombe akashtuka na kukimbilia barabarani. Watu walipoanza kufika walichokiona ni mtu chini, gari majanini, na ng'ombe amesimama katikati ya lami. Wakajijazia wenyewe yaliyobaki.

Simu ilikuwa inaita. Ule ujumbe ulijituma wenyewe kidole kilipoachia, na Nyamisi alikuwa ameusikia: matusi yangu, kishindo, halafu sauti ya mwanamume anamwita mama yake. Nikapokea nikiwa nimepiga magoti pembeni ya Wambura. Nikamwambia mdogo wangu nimeua mtu, nilikuwa naongea na wewe. Akaniuliza hapo kuna nini kingine. Nikasema kuna ng'ombe.

"Basi ni ng'ombe," akasema. "Sema ni ng'ombe. Nani atamuuliza ng'ombe?"

Usimchukie Nyamisi. Yeye alisema mara moja tu, kwa hofu ya dada yake. Mimi nimelisema neno hilo miaka minne. Nilimwambia askari, akaandika. Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji, akaniambia pole. Ule ujumbe niliufuta siku hiyohiyo nikiwa chooni hospitalini, kwake na kwangu, nimefungulia bomba ili mtu wa nje asisikie nalia.

Mama Robi unamfahamu. Ni yule mjane anayeuza ndizi mbivu pale kituoni Kiabakari, unayempunjaga bei na yeye anacheka. Alikuja mbio akasema ng'ombe wake alimfunga mwenyewe, na kigingi amekigongelea kwa jiwe asubuhi. Watu wakamuuliza kiko wapi hicho kigingi. Akaanza kuzunguka akitafuta kwenye majani, ameinama, anasema kilikuwa hapa, jamani kilikuwa hapa. Kilikuwa chini ya gurudumu langu la nyuma. Mimi nilikuwa nimekiona. Kipande cha mti kimechongwa ncha, kichwa kimechanika kwa kupigwapigwa jiwe. Nilisimama mbele ya gurudumu lile, nimeshika kiuno kama mtu aliyeumia, mpaka watu wakageuka kumpakia Wambura. Nikakiokota na kukitupa ndani ya gari.

Wazee walikaa. Wakaamua kwamba mnyama ameumiza mtu, na mwenye mnyama amfute mtu huyo machozi kwa mnyama. Mama Robi alikuwa na ng'ombe watatu. Akatoa mtamba mmoja mwenye doa jeupe usoni. Alimkabidhi ndugu yake Wambura kamba, akampa pole ampelekee mgonjwa, halafu akanitazama mimi. Hakunisuta, hakunilaani. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alichokiweka mahali. Tangu siku hiyo nikipita Kiabakari nanunuaga ndizi kwa watu wengine, na kama yuko karibu na barabara napandisha kioo. Wewe ulikuwa unanicheka kwamba naogopa vumbi.

Wambura mwanzoni nilimuuguza kwa hofu, sitakudanganya. Nilipeleka uji hospitalini ili nijue kama anakumbuka chochote. Hakukumbuka, alikuwa amenipa mgongo. Siku ya kwanza akanywa uji akasema hauna sukari. Siku ya pili akasema una sukari nyingi. Siku ya tatu akasema kwa upole kabisa kwamba anaona itabidi niwe nakuja kila siku mpaka nitakapopatia. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Baba yako alikwenda Buhemba kutafuta dhahabu ukiwa na miezi saba, akapata mke mwingine huko, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyekuwa amenitania bila kunitaka kitu. Nilirudi Musoma siku hiyo nacheka peke yangu njia nzima.

Nakwambia haya kwa sababu najua vijana wa rika lako mnadhani mapenzi ya watu wazima ni kupikiana na kupelekana hospitali. Wambura akiamka ananiita Bibi Harusi, nikiwa na kanga ya jana kichwani na majivu mikononi. Ananikata kucha za miguu huku ananisimulia nyumba alizojenga. Chai hawezi kunywa mpaka nikae. Nikiwa ndani nikasikia anatembea uani, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuza, nasema huyo anakuja. Ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote duniani, na nimeitengeneza mimi. Hakuna siku nimeisikia nikasahau hilo. Alikuwa mwashi wa nyumba ndefu, alikuwa anatembea juu ya jukwaa la miti mikono imejaa tofali. Sasa anafyatua tofali chini, kwenye turubai, watu wengine wanazipandisha. Tukipita mjini penye ghorofa linalojengwa anainua kichwa, anatazama kidogo, halafu anaanza kuniuliza nataka tununue nini sokoni.

Ndicho nilichokiondoa nilipotazama chini. Sasa njoo uniambie umezoea.

Neno hilo nalichukia kuliko simu yenyewe. Mimi nilikuwa nimezoea. Barabara ile niliijua kama sakafu ya jikoni kwangu, mashimo yake, matuta yake, mahali askari wanaposimama. Nilikuwa nimerekodi ujumbe mara mia kwenye barabara ile na kufika salama, na kila nilipofika nilihesabu kwamba mimi ni dereva hodari. Kumbe mara zile mia hapakuwa na mtu mbele tu. Nawe hujagonga kuku kwa sababu kuku hajapita. Usijisifu kwa jambo alilolifanya kuku.

Na usinunue vile vya kuweka masikioni ukaja kuniambia mikono yako iko huru. Nimekueleza mikono yangu ilikuwa wapi nilipokuwa nagombana na Mama Ghati. Ukiwa na hasira, au umempenda mtu, au mtu amekutumia neno linalokuwasha, egesha gari mahali pa kuegesha, shuka, mjibu, mtukane, mbembeleze, cheka na ulie. Ukimaliza ndipo upande. Simu izimwe kabla hujawasha injini na ikae kwenye kisanduku cha mbele, kimefungwa. Nimejaribu kuiweka pajani, nimejaribu kuigeuza uso chini, nimejaribu kupunguza mlio. Ikiwa mahali mkono unapofika, mkono utafika.

Basi la watoto litakuwa na kelele kuliko simu. Watoto watapigana nyuma, mmoja atatapika, mwingine atakuita anko dereva, anko dereva, tazama. Usitazame. Kuna mlezi wa gari kwa ajili hiyo, na siku akikosekana simamisha gari kabisa ndipo ugeuke. Wazazi watataka namba yako wajue mmefika wapi. Wape ya mlezi. Watanuna, wanune.

Maana mimi ndiye mzazi wa kwanza wa kulaumiwa. Ni nani amekuwa akikupigia ukiwa na kirikuu barabarani, mara umefika wapi, mara umekula, mara mafuta yanatosha? Ni nani aliyenuna siku nzima mwezi uliopita kwa sababu hukupokea, na baadaye ukaniambia ulikuwa unaendesha? Nilikujibu kwamba hata kupokea sekunde moja ulishindwa. Nilisema hivyo mimi, na kigingi cha Mama Robi kiko ndani ya gari lilelile. Ndiyo, kipo. Sikuweza kukichoma, sikuweza kukitupa ziwani. Kiko chini ya kiti cha dereva, kimefungwa kwenye kitambaa cha kufutia kioo. Jumapili ulikuwa umekikalia.

Leo ulipoondoka nilimfuata mume wangu kwenye matofali. Nilitaka kusema vizuri, nilikuwa nimepanga maneno. Yalitoka yote kwa pamoja, simu, meza, Nyamisi, kigingi. Alikuwa ameshika koleo. Aliendelea kuchanganya mchanga na saruji mpaka nilipomaliza, halafu akaendelea kuchanganya. Nilidhani ataniuliza kuhusu mguu wake. Nilikuwa tayari kwa hilo, miaka minne nimekuwa nikijiandaa kwa hilo.

Akasema, "Na Mama Robi?"

Nilitazama koleo lake.

"Mguu ni wangu," akasema. "Mguu nitaugombania na wewe mimi mwenyewe, tuna muda. Ila ng'ombe yule si wangu, na wewe umeniacha nimemtoa mahari mbele ya watu. Umenifanya nikamwoa mke kwa mali ya mjane."

Nikaanza kulia. Hakunishika. Aliosha mikono, akachukua fimbo yake, akaondoka kwa miguu kwenda kwa mjomba wako Makuru, aliyepokea mahari yangu, kwenye zizi ambako yule mwenye doa yuko pamoja na ndama wake. Ni mwendo mrefu kwa mguu ule. Nilitaka kumpeleka na gari akasema hapana. Hiyo ilikuwa kabla ya saa nne. Nimekaa kibarazani nakuandikia na kila mtu anayepita njiani nainua kichwa.

Wiki tano, Magesa. Nimekuwa mke kwa wiki tano tu, na sijui kama jioni nitaendelea kuitwa Bibi Harusi. Ungeniuliza mwaka huu wote kama kuna kitu kinaweza kunitoa kwa mtu huyu ningekucheka. Kumbe kitu chenyewe nilikuwa nacho chini ya kiti. Sikwambii haya unionee huruma. Nakwambia uone kwamba aliyetazama chini kidogo tu ndiye huyu anayekuandikia, na bado hajamaliza kulipa watu wanne: mume, mjane, mwana, na wa nne ni ng'ombe.

Nimeacha kuandika kidogo. Amerudi.

Nilisikia kwanza kwato, halafu ule mguu unaoburuza, pole pole kuliko kawaida. Mjomba wako yuko nyuma anamswaga ndama, na uso wake huo usiulizie, hajanisalimia. Mume wangu amemfunga yule mwenye doa kwenye nguzo ya banda la tofali. Amekuja hadi hapa kibarazani, jasho limemlowesha shati lote, akasimama. Hakuniita Bibi Harusi. Aliniita Mama Magesa, akaomba maji. Nimempa. Ameketi pembeni yangu sasa, fimbo ameilaza katikati yetu, lakini ameketi. Amesoma ukurasa huu wa mwisho kwa juu ya bega langu na hakunikataza kuendelea.

Sasa sikiliza kuhusu kesho.

Begi lako hutalipeleka stendi, litapanda nasi garini. Saa mbili tunapakia ng'ombe na ndama wake kwenye kirikuu, na dereva ni wewe. Mimi nitakaa mbele pembeni yako. Mume wangu amesema atakaa nyuma na ng'ombe, kumshika. Nimembishia, hakubali, kwa hiyo utakapokuwa unaendesha ujue kwamba nyuma yako yuko mtu uliyekuwa naye Jumapili, ila hukumwona. Tutakwenda Kiabakari kwa Mama Robi. Nitashuka kwenye kituo pale, mbele ya wauza ndizi wote, nitamkabidhi kigingi chake kwanza, kisha nitasema niliyoyaandika hapa. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kufanya chochote, na askari akiitwa nitakwenda naye. Wewe utasimama pale usikilize, maana hadithi ile umeisimulia na kuichekea kama wengine, na ninataka uisikie ikisemwa vizuri mara moja.

Fomu utanirudishia, nitakuwa nayo kwenye mkoba. Simu yako itakuwa imewashwa. Najua nimekuambia izimwe, lakini kesho tu iwashwe, kwenye kisanduku cha mbele, mlio juu kabisa. Njiani nitakupigia. Nitakuwa nimekaa pale pembeni yako, bega kwa bega, na nitakupigia mara ya kwanza na mara ya pili na ya tatu, na jina litakalotokea ni la mama yako. Ukifika Kiabakari bila kuugeuza hata uso wako kwenye kisanduku kile, nitasaini fomu juu ya boneti ya gari, mbele ya Mama Robi, na utawahi Bunda kabla ya saa sita. Ukikigeukia, nitashuka, nitaingia na ng'ombe nyuma, na Bunda utakwenda bila mdhamini.

Na ukipata kazi, kila asubuhi na kila alasiri basi lako linapokuwa barabarani, simu yangu itakuwa ndani ya pipa la unga, na kifuniko juu. Hiyo ndiyo sahihi yangu. Ile ya kwenye fomu ni ya mwenye shule.

Nakupenda kwa hasira zangu zote. Kesho nikikupigia, mwanangu, usinipokee.

Mama yako,
aliyekuwa na simu